Hilux LN106 imelala nyuma upande wa dereva: nibadilishe springi zote au fundi aongeze jani la Canter?

Nyanya_Kwa_Wingi

Wakuu habari za muda huu. Nina Hilux LN106 singo kebini, ile ya injini 3L, nipo Ilula Iringa, kazi yake ni nyanya tu, kutoa shambani kupeleka barabarani na mara nyingine nashuka nayo mteremko wa Kitonga mpaka Morogoro kama bei ya huku imekufa. Sasa nyuma imelala, tena imelala zaidi upande wa dereva, hata ikiwa tupu ukiiangalia kwa nyuma unaona kabisa bodi imeinama, na kreti zikijaa basi kila tuta ule mpira wa chesisi unagonga ekseli mpaka unaisikia kwenye uti wa mgongo. Juzi nikaingia chini na tochi nikaona jani la tatu la springi (vile vyuma bapa vilivyopangwa juu ya vingine) upande huo limekatika karibu na ile boliti ya katikati inayoyashika majani pamoja, kipande kimechomoza pembeni kinasugua sugua.

Fundi wa hapa anasema hakuna haja ya springi mpya, atoe jani lililokatika, aweke jani moja la Canter, yaani la lori dogo, kila upande, afu haya mengine ayapashe gesi ayakunje yapande juu, kazi ya nusu siku. Shemeji yangu yeye anasema nisikubali, ninunue springi kamili mbili. Mi hela ya seti naweza kuitafuta lakini sipendi kuitoa kama jani moja lingetosha, na pia sitaki kila msimu niwe narudi gereji. Walioshafanya hii kazi naomba mnieleweshe, na kama ni ya kubadilisha basi ni vitu gani ninunue kabisa kabla sijapandisha gari jeki, maana huku spea mpaka uagize mjini. Nipo tayari kuifanya mwenyewe na kijana mmoja, jeki ninayo, spana ninazo, grainda ya kuazima ipo.

MzeeSpana

Kijana wangu, kwanza hiyo gari usiipakie tena mpaka uitengeneze. Jani likikatika kwenye tundu la boliti ya katikati mzigo wake unahamia kwa majani yaliyobaki, na lile la juu kabisa lenye macho (zile pete za mwisho zinazofungwa kwenye chesisi) ndo linaloshika ekseli isiende mbele wala nyuma. Likikatika na hilo ukiwa mteremkoni ekseli inarudi nyuma upande mmoja, propela inavutwa, paipu ya breki inavutwa, hapo hamna usukani utakaokusaidia.

Pili pima kabla hujanunua chochote. Weka gari sehemu tambarare, tupu, upepo wa tairi uwe sawa pande zote, chukua tepu pima kutoka katikati ya hubu ya nyuma kwenda juu mpaka ukingo wa bodi, kulia na kushoto. Lakini bodi za pikapu za zamani zimepinda na zimechomelewa sana kwa hiyo usiishie hapo, pima na kutoka ekseli mpaka chesisi pale penye mpira wa kugonga, hicho ndo kipimo cha kweli. Afu pima kutoka katikati ya hubu ya mbele mpaka katikati ya hubu ya nyuma, upande mmoja kisha mwingine. Vikipishana sana ujue boliti ya katikati imekatika au imelegea na ekseli imeshasogea, gari ya hivyo ukiifuata barabarani unaiona inakwenda kiubavu kama mbwa anavyokimbia, na tairi inaisha bila sababu ya kueleweka.

Sasa kuhusu gesi. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani, kinapashwa mpaka chekundu, kinazamishwa kwenye oili, halafu kinapashwa tena kwa moto mdogo zaidi ili kisiwe kikavu cha kukatika kama kioo. Ukikipiga gesi sehemu moja mpaka kikawa chekundu na kukiacha kipoe na upepo, hapo pamekuwa laini, na pembeni yake pana mpaka kati ya chuma laini na chuma kigumu, na kwenye mpaka huo ndo patakatika. Kuna mafundi wa springi wenye tanuru na pipa la oili wanaopasha jani zima na kulipika upya, hao ni habari nyingine na kazi yao naiheshimu. Gesi ya kuchomelea bodi sio hiyo kazi. Na jani la springi halichomelewi, hata mtu akikuapia.

Jani la Canter nalo tatizo lake ni unene. Ukakamavu wa jani haupandi sawa na unene, unapanda kwa unene mara unene mara unene. Chukua mfano jani la milimita 7 na jani la milimita 10 yenye upana na urefu sawa, hili la pili ni gumu karibu mara tatu ya lile la kwanza. Ukiliweka katikati ya majani membamba ya Hilux linabeba karibu mzigo wote peke yake, yale mengine hayapindi kiasi cha kufanya kazi, gari inakuwa ngumu ikiwa tupu, inaruka ruka kwenye rasta, na pale ncha za jani gumu zinapoishia zinamchonga jani wa juu yake mpaka naye anapasuka. Kwa hiyo jibu langu nunua mbili kamili, kulia na kushoto kwa pamoja.

mkulima_mwenzio

Mzee nakuheshimu sana lakini kwenye kuongeza jani natofautiana na wewe kidogo. Mi ya kwangu imeongezwa jani kila upande na inabeba viazi toka Njombe vijijini, misimu inapita na ipo vizuri. Ila sikuweka la Canter. Nilitafuta springi chakavu ya Hilux hiyo hiyo, upana milimita 60 kama yangu, unene ule ule, nikatoa jani zima moja lenye mkunjo mkubwa kidogo kuliko lile linalokaa juu yake, likakatwa urefu wa kuingia kwenye ngazi yake, boliti mpya ya katikati ndefu kidogo, klipu zikarudishwa. Sio kila mtu ana hela ya seti, na kusema kuongeza jani ni kosa moja kwa moja sio kweli.

MzeeSpana

Umesema vizuri na hatupingani. Majani yako yalikuwa mazima, uliongeza jani la aina ile ile kwa kipimo. Yeye majani yake yamechoka na moja limeshakatika pale katikati, na likikatika moja yale jirani yake yameshabeba kupita uwezo kwa muda, hata ukiyakuta mazima kwa macho. Yafute kutu kwa brashi ya waya utaona mara nyingi kuna nyufa ndogo kwenye kingo za lile tundu. Na umetaja klipu, hilo watu wengi hawalijui, zile bangili za chuma zinazoshika majani pembeni sio urembo. Gari ikiruka na ekseli ikaning'inia klipu ndo zinafanya majani yote yashike pamoja, zikikatika jani la juu linabaki peke yake kuzuia ekseli nzima.

Kitonga_Kila_Wiki

Naomba niingie maana naona mnaongelea kubeba tu na hakuna aliyegusa breki, na huyu kaka amesema anashuka Kitonga.

Ingia chini ya hiyo Hilux, angalia kwenye chesisi karibu na ekseli ya nyuma, utaona vali ya breki imefungwa, ina paipu za chuma zinaingia na kutoka, na ina fimbo ndefu ya chuma inayoenda kushikwa kwenye ekseli. Hilux nyingi za miaka hiyo zinayo. Kazi yake ni kupima mzigo. Bodi ikishuka kwa sababu umepakia, fimbo inasukumwa, vali inaruhusu breki za nyuma zipate presha zaidi. Gari ikiwa tupu bodi ipo juu, vali inapunguza presha ya nyuma ili tairi zisikamate zikateleza kwenye mvua. Yaani vali haijui kilo, inajua umbali kati ya chesisi na ekseli, basi.

Sasa fikiria hali ya sasa hivi, springi zimelala na gari tupu, vali inaona kama umepakia, inatoa presha yote nyuma, ukikanyaga ghafla kwenye lami yenye maji tairi za nyuma zinafunga na mkia unataka kukupita. Afu fikiria ushauri wa fundi, umeweka jani la Canter, umepakia kreti mpaka juu lakini bodi haijashuka kwa sababu springi ni ngumu kupita kiasi. Vali inaona gari tupu. Breki za nyuma zinapewa kidogo, za mbele zinafanya kazi karibu yote, na unashuka Kitonga kona baada ya kona na lori mbele yako. Breki za mbele zinachemka, pedali inaanza kwenda chini. Watu wanalaumu pedi, wanalaumu mafuta ya breki, kumbe tatizo lilianzia kwenye springi.

Kwa hiyo hata ukiweka springi mpya kabisa, hiyo fimbo lazima irekebishwe kwa sababu kimo cha gari kwa nyuma kimebadilika. Kwenye mwisho wa fimbo kuna kiungo chenye boliti na nati za kusogeza juu au chini, kipimo chake kipo kwenye manuali ya gari. Kuna watu wanaitoa vali kabisa au wanaifunga waya ibaki imefunguka moja kwa moja, nimekutana nazo nyingi barabarani. Tafadhali usikubali, utakuja kuzunguka barabarani siku gari ipo tupu na mvua imenyesha.

Na kingine, pikapu haipiti mizani, sheria ya mizani ya Afrika Mashariki inahusu magari ya kuanzia kilo 3,500 kwenda juu, kwa hiyo hakuna atakayekusimamisha Mikumi kukuambia umezidisha. Inabidi ujisimamie mwenyewe. Kibao cha gari kinasema uwezo wake, ukiongeza majani hujaongeza uwezo wa beringi za hubu, wala drami za breki, wala chesisi. Angalia chesisi nyuma ya kebini na pale inapojikunja kupita juu ya ekseli, piga brashi, ukiona mstari wa kutu mwekundu kwenye rangi hapo pana ufa.

Landy_Nakuru

Habari ndugu zetu wa Tanzania. Mimi niko Nakuru na hizi LN106 tunazo nyingi sana huku, ziko kwa mashamba mpaka leo. Nikuambie tu kitu moja kuhusu kununua, usiende dukani useme nataka springi ya Hilux, utapewa ya Hilux ingine kabisa, kuna ya 2WD, kuna ya 4x4, kuna ya kizazi cha baadaye, na zote muuzaji anaziita Hilux. Toa hii yako ya zamani kwanza ama uipime ikiwa chini ya gari. Andika upana wa jani, idadi ya majani pamoja na lile nene la chini la mzigo, urefu kutoka katikati ya jicho la mbele hadi jicho la nyuma ukifuata mkunjo, kisha, na hii ndio muhimu, urefu kutoka jicho la mbele hadi boliti ya katikati. Boliti ya katikati mara nyingi haiko katikati kabisa, upande wa mbele ni mfupi. Ukiweka springi ikiwa imegeuka, ekseli itarudi nyuma na tairi haitakaa katikati ya matao. Pima pia kipenyo cha jicho ndio ujue bushi gani, ule mpira unaokaa ndani ya jicho.

Huku watu wengi wanachukua za mtumba kutoka Japani, pale Kirinyaga Road Nairobi zimejaa, na nyingi ni nzuri kwa sababu hazikuwa zinabeba mzigo kama yetu. Lakini simamisha zote mbili kando kando ukutani, macho yakiwa chini, uangalie kama mkunjo unafanana. Moja ikiwa imelala kushinda ingine wachana nazo, gari itainama tena. Angalia kutu kati ya majani, kama kutu imevimba imefungua nafasi kati ya jani na jani, hio chuma imeshaliwa. Angalia macho kama yameanza kufunguka. Na ukiona alama ya bluu bluu ama rangi mpya imepakwa juu ya moto wa gesi, enda duka lingine.

Nyanya_Kwa_Wingi

Wakuu mmenipa kitu kikubwa sana, hasa hilo la breki sikuwa nalijua kabisa na fundi hakuligusa. Nimeenda kuangalia, fimbo ipo na kiungo chake kimejaa tope na kutu hakichezi. Nimepima kama mzee alivyosema, ekseli mpaka chesisi upande wa dereva umepungua sentimita 4 kuliko upande wa abiria, na hubu kwa hubu upande wa dereva ekseli imerudi nyuma kama sentimita moja. Kwa hiyo nimeshaamua, naagiza mbili kamili. Naomba sasa mniambie mpangilio wa kazi yenyewe, na hofu yangu ni zile boliti, gari imeshakaa miaka kwenye matope, naona nati zimekuwa donge.

MzeeSpana

Sentimita moja hiyo ni boliti ya katikati, utaikuta imekatika au tundu limepanuka. Umeamua vizuri.

Agiza hivi: springi mbili, boliti za U zote nne zinazobana springi kwenye ekseli na nati zake mpya, bushi zote za macho na za sheko (kile kiungo kinachoshika jicho la nyuma) kule juu kwenye chesisi, sheko mbili na pini zake kama za sasa zimelika, pini mbili za mbele, na mipira ya kugonga kama imepasuka. Boliti za U usizirudishe za zamani hata zikitoka nzima, zikishakazwa mara moja zimevutika na nyuzi zimeshajikalia, ukizikaza tena zinalegea njiani au zinakatika. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na kazi ya kulala chini ya gari mara mbili.

Siku moja au mbili kabla, piga brashi ya waya nati zote, mwagia mafuta ya kulegeza kutu, rudia jioni, rudia asubuhi. Boliti za U usihangaike nazo, kata kwa grainda maana zinatupwa. Linda paipu za breki na nyaya kwa kipande cha bati wakati unakata, cheche zisiende upande wa tenki, na ndoo ya mchanga iwe karibu.

Siku ya kazi, gia weka, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya tairi za mbele, handbreki usiitegemee maana inashika nyuma na nyuma ndo unakwenda kufungua. Legeza nati za tairi zikiwa chini. Inua kwa jeki chini ya difu, lile bonge la katikati ya ekseli, halafu stendi mbili weka chini ya chesisi, mbele kidogo ya pale springi inapofungwa mbele. Sio chini ya ekseli, ekseli lazima iwe huru kupanda na kushuka. Kama stendi huna tafuta magogo mazito yaliyokatwa sawa, tofali za kuchoma au za saruji usiweke kabisa, zinapasuka bila taarifa. Sukuma gari kwa bega kwa nguvu kabla hujaingia chini, ikitikisika panga upya.

Jeki ibaki imeshika difu wakati wote, ndo mkono wako wa kuongoza ekseli. Toa tairi, fungua shokapu mguu wa chini, fungua fimbo ya ile vali upande wa ekseli, angalia paipu ya mpira ya breki na kebo ya handbreki na kale kapaipu ka kupumulia ka difu kama vitafika ekseli ikishuka. Paipu ya mpira ikianza kuvutika simama, usiache ekseli ining'inie juu yake. Fanya upande mmoja mpaka umalize ndo uende wa pili, ule ambao haujaguswa unaishika ekseli isizunguke.

Toa boliti za U, shusha ekseli taratibu mpaka springi iachane na kiti chake. Hapo springi haina mvutano mkubwa tena, ila usikae mbele ya sheko wakati unatoa pini. Anza na sheko ya nyuma, halafu pini ya mbele. Mwambie kijana ashike upande mmoja, springi kamili ni nzito na inadondoka kwenye mguu.

Kurudisha, ingiza jicho la mbele kwanza, pini uiweke bila kukaza, halafu sheko nyuma, nayo bila kukaza. Panga kichwa cha boliti ya katikati kiingie kwenye tundu la kiti cha ekseli, pandisha ekseli kwa jeki kidogo kidogo huku unachungulia na tochi. Hapa ndo watu wanaharakisha. Kichwa kikikaa pembeni ya tundu badala ya ndani, boliti za U zitakazika vizuri tu na utajua kila kitu kimekaa, halafu baada ya mizigo michache kinateleza na ekseli inasogea. Safisha hicho kiti kwa brashi mpaka uone chuma, tope lililoganda halimwachii springi akae.

Kaza boliti za U kwa msalaba, kidogo hii kidogo ile, nyuzi zilizobaki chini ya nati ziwe sawa pande zote nne. Kwa Hilux 4x4 za kizazi hicho ni kama 120 Nm, azima toki renchi, spana ya kupimia nguvu ya kukaza, kama unaweza. Ukishatembea nayo kilomita mia chache, na mara moja tena baada ya mzigo wa kwanza, ingia chini ukaze upya, majani mapya yanajibana na boliti zinalegea zenyewe.

BintiGereji

Shikamoo mzee, maelezo yamekamilika, naongezea pale alipoacha bila kukaza maana naona mafundi wengi wanapamaliza vibaya.

Pini ya mbele na sheko zikazwe gari ikiwa imesimama kwenye tairi zake. Yaani rudisha tairi, toa stendi, shusha gari chini, panda nyuma uirushe rushe mara kadhaa ikae sawa, ndo uingie chini kukaza. Bushi za mpira hazizunguki kwenye pini, zinajipinda. Ukizikaza wakati ekseli inaning'inia, mpira umeshikwa kwenye ule mkao wa kuning'inia, ukishusha gari unajipinda mpaka mwisho na unabaki hivyo siku zote hata gari ikiwa imeegeshwa. Bushi mpya zinapasuka mapema na mtu anasema ni feki. Na wakati wa kuziingiza tumia maji ya sabuni, grisi ya kawaida na oili zinakula mpira. Za polyurethane ndo zinataka grisi yake maalumu, na ukichagua hizo jiandae kupaka tena zikianza kulia.

Kama pini ya mbele imegoma kabisa kutoka usianze na nyundo kubwa, unapinda masikio ya chesisi na kuyanyoosha ni kazi. Pasha moto kidogo sikio lenyewe sio pini, acha ipoe nusu, mwagia mafuta ya kulegeza, zungusha na spana huku na huku. Lakini upande wenye tenki na paipu za dizeli moto usiuwashe, upande huo tumia grainda ya diski nyembamba ukate pini kwenye nafasi kati ya jicho na sikio, pole pole. Mpira wa bushi ukiungua unatoa moshi mchafu sana kwa hiyo fanya kazi nje.

Ukimaliza angalia sheko imelala vipi. Gari tupu, sehemu ya chini ya sheko iwe imeelekea nyuma kidogo au karibu wima, kadiri unavyopakia springi inanyooka inakuwa ndefu na sheko inasogea nyuma. Ukikuta imeelekea mbele kabisa au imegusa chesisi, springi sio yake. Na usiku washa taa mbele ya ukuta, nyuma ikiwa imepanda taa zitakuwa zinaangalia chini, zirekebishe. Kwenye miezi yote uliyotembea imelala ulikuwa unawamulika wenzako machoni.

mkulima_mwenzio

Dada hilo la kukaza ikiwa chini umenifungua macho, ngoja kesho niingie chini nilegeze nikaze upya.

Kitonga_Kila_Wiki

Kaka wa nyanya, kiungo cha fimbo ukishakisafisha na kukirekebisha usiende moja kwa moja na mzigo. Tafuta barabara ya vumbi tambarare isiyo na watu, gari tupu, mwendo mdogo, kanyaga kwa nguvu, mwambie kijana asimame pembeni mbali aangalie tairi gani zinafunga kwanza. Za mbele zinatakiwa zitangulie. Zikitangulia za nyuma, fimbo bado inaidanganya vali kwamba umepakia, rudi urekebishe. Na vali yenyewe ikiwa imeshikana na kutu kwa ndani fimbo haitasaidia kitu, hiyo ni ya kubadilisha na kutoa hewa breki zote.

Pickup_ya_Baba

Samahani kwa kuingilia uzi, mi nina Nissan Datsun 2WD ya mzee, nyuma imelala lakini hakuna jani lililokatika, sheko zimelika tu na bushi zimeisha kabisa, chuma kwa chuma. Je na mimi ninunue springi?

MzeeSpana

Wewe anza na bushi, sheko na pini, halafu pima tena ekseli mpaka chesisi. Jicho likikaa chuma kwa chuma springi inashuka na inagonga, na mtu anadhani imechoka. Kama kulia na kushoto zinalingana na mpira wa kugonga una nafasi ya kutosha gari ikiwa na mzigo wake halali, springi zako bado nzima. Ila kabla ya kuweka bushi mpya angalia macho ndani, kama chuma kimekula kikawa cha mviringo wa yai, bushi hazitakaa, na hapo unabadilisha jani la juu tu lenye macho, majani mengine unayarudisha.